Sauti Niliyoisikia Kwenye Simu ya Mke Wangu

Mjini Baraka, Jumapili mchana. Mvua ya asubuhi imekatika na ziwa limetulia. Nami nimetulia, ila kwa aibu.

Nianze na kosa langu. Wiki tatu hizi nimekuwa nikimsema mke wangu, Mama Neema, kwamba amekuwa mvivu. Anasinzia akichambua sombe, yale majani ya muhogo. Leo amesinzia kanisani mahubiri yote, na tulipofika nyumbani nikamgombeza mbele ya binti yetu, Neema.

Aliingia jikoni.

Neema ndiye aliyenijia na simu ya mama yake. "Papa, sikia hii kwanza."

Nikasikia sauti nyembamba, kali, ya kitu kinachovuta hewa kwa shida. Kisha kimya kirefu. Kisha ile sauti tena. Nikasema ni mbuzi aliyenaswa na kamba shingoni.

"Ni weye, Papa. Unalala ivi kila siku. Mama iko anakaa macho, anakugeuza ubavu ili upumue muzuri."



Ninaumwa tangu mwaka juzi. Ni ugonjwa wa ubongo, unaendelea polepole: mwili unakakamaa, nikisimama haraka kichwa kinazunguka. Nilidhani shida yangu ni miguu tu. Kumbe, Neema akaniambia, Ijumaa Mama Neema alikwenda peke yake kwa daktari, akamsikilizisha ile sauti. Daktari akamwambia huku si kukoroma. Nyuzi za sauti zilizo kooni hufunguka mtu anapovuta pumzi. Zangu, nikilala, zinakaribiana na kubana njia. Ugonjwa wangu unaweza kuleta hayo. Anataka nikapimwe Bukavu. Huenda nikapewa mashine inayosukuma hewa kwa barakoa, au nikatobolewa tundu la kupumulia shingoni.

Mama Neema alinificha kwa siku mbili kwa sababu ananijua. Kanisani mimi ndiye ninayegeuza mahubiri ya Kifaransa kuwa Kibembe. Sauti ndiyo kitu pekee ambacho ugonjwa ulikuwa haujakigusa, au nilijidanganya hivyo.

Nilishika ukuta mpaka jikoni.

"Mama Neema, unisamehe."

"Nilishakusamehe. Utaenda Bukavu?"

Nilipaswa kusema ndiyo papo hapo. Badala yake nikauliza, "Na kama wakitoboa, sauti ikaisha?"

Aliweka mwiko chini. "Sauti ikiisha utaandika, mi nitasoma. Pumzi ikiisha, nitasoma nini?"

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Nimesema ndiyo. Neema ataulizia boti ya Uvira inaondoka siku gani, na kutoka Uvira tutatafuta gari la Bukavu.

Naogopa lile tundu. Naogopa sana.

Lakini nimeliandika jibu langu hapa, mbele ya kila anayesoma, ili kesho nikiamka na kiburi nisijifanye sikusema.