Salamu Iliyoingia Kwenye Kaseti

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mbinga hatujambo, kahawa imeanza kuiva na mguu wa babu yako umepona. Umeniuliza kama nimewahi kuhamisha wimbo uliofungwa usinakiliwe. Mara moja tu, nikiwa karani mpya.

Wimbo wa kwaya yetu ulikubali kucheza kwenye kompyuta ya ofisi peke yake. Aliyeuongoza, rafiki yangu Adela, alikuwa amefariki, na mama yake kule Chiwanda alikuwa na redio ya kaseti tu. Meneja alishatuonya: atakayegusa kompyuta kwa mambo yake, kazi hana. Alipotoka kwenda kula, niliweka redio yangu ya kaseti karibu na spika, nikaanza kurekodi.

Katikati ya wimbo mlango ukafunguka. Nikasimama, mdomo ukanitangulia: "Shikamoo, mzee!"

Meneja hakuitikia. Aliitazama redio, akanitazama mimi. Kisha akaweka kidole mdomoni, akasimama palepale mpaka Adela akamaliza.

Nilipompelekea mama yake Adela kaseti, nilimwomba radhi kwa sauti yangu kuingia.

"Iache," alisema. "Hujaitikiwa bado."

Tangu siku hiyo, kila kaseti ilipofika kwenye salamu yangu, mama huyo alijibu: "Marahaba, mwanangu."

Bibi yako, anayekukumbuka.