Kipande cha Ukili Ndani ya Gazeti

Jumatano, baada ya magharibi. Mawingu tangu alfajiri, mvua haikuja na jua halikutoka, na mimi nimeshinda hivyo hivyo, si mzima si mgonjwa. Naandika jikoni huku wali uko motoni. Mama yuko ukumbini, namsikia akikohoa kile kikohozi chake cha kunijulisha kwamba yu macho na anajua niko wapi.

Leo mkeka umekuja nyumbani.

Nilidhani siku nitakayoandika sentensi hiyo nitakuwa na furaha. Nilishaipanga kabisa: mkeka umekuja, mama kacheka, mimi nimelala mapema. Badala yake nimechoka kuliko jana, na jana nilichoka sana.

Mkeka huu ni ahadi. Mama alimuahidi mjukuu wake, binti wa dada yangu Salma aliyeko Unguja, kwamba siku ya harusi yake atakaa juu ya mkeka wa mkono wa bibi yake. Mtoto alikuwa bado yuko skuli ya msingi. Mama akaanza ukili, ule mshipi wa ukindu unaosukwa mrefu kabla haujakatwa vipande na kushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Kila baada ya alasiri alikaa barazani, ukili kaubana chini ya kidole gumba cha mguu, mikono inasuka na macho yanatazama nani anapita njiani kuelekea Ole. Hakuwa akiutazama ukili hata kidogo. Alichosuka alikikunja na kukiweka nyuma ya mlango, na baada ya miaka likawa kunja kubwa kama gurudumu la baiskeli.

Kisha mwaka jana kiharusi kikamchukua mkono wa kushoto.

Ukili hausukwi kwa mkono mmoja. Nilidhani habari ya mkeka imekwisha, na Mungu anisamehe, katika mambo yote niliyokuwa nayo wakati ule hilo halikuniuma. Nilikuwa nimerudi kukaa kwa mama. Naamka kabla ya adhana, namkosha, namvisha, nampikia uji, namnywesha, namwachia jirani, nakwenda mjini Chake kwenye duka la fotokopi ninakofanya kazi, narudi alasiri, napika, nafua, namkosha tena. Salma hupiga simu kuuliza hali. Hupiga akiwa amelala, nasikia feni nyuma yake.

Siku moja mama akaniita barazani. Ukili ulikuwa chini ya kidole chake na mkono wa kulia umeshika miyaa, yale majani ya ukindu yaliyokwisha chanwa.

"Kaa kuno kushotoni," akaniambia. "Weye shika, miye ntasuka."

Basi nikawa mkono wake wa kushoto. Kila jioni, kuanzia nikishaosha vyombo mpaka adhana ya magharibi. Yeye anapitisha, mimi nabana. Yeye anageuza, mimi nafuata, na kila mara nafuata nimechelewa. Skuli nilisoma mpaka mwisho, lakini mikono yangu inajua vitufe tu. Mama alikuwa akisema maneno mawili, kaza na legeza. Siku akiwa na moyo mzuri aliongeza.

"Kaza. Basi, basi! Weye washika ukili ama washika mwizi?"

Tulicheka mara nyingine. Sitaki kuandika kana kwamba hatukucheka.

Lakini mgongo ulikuwa unaniuma, na ukili haukuwa ukienda. Jioni nzima tunapata urefu wa kiganja, na kesho yake mama anafumua nusu. Harusi ikapangiwa baada ya Idi. Salma akaanza kuuliza mkeka umefika wapi kwa sauti ya mtu anayeuliza gari lake limefika wapi. Na kuna jioni, nikiwa nimekaa pale na miguu imekufa ganzi, nilitamani ukili ukatike wenyewe.

Nimemchoka mamangu. Nimeandika. Wanaosoma blogu hii ni wachache na Salma si mmoja wao.

Nikamtafuta fundi. Bi Hadia wa Gombani anashona mikeka ya maharusi na ya mahoteli, chumba chake kimejaa makunja ya ukili mpaka darini, na mdomo wake haupumziki kama mikono yake isivyopumzika. Nikamwambia mama kwamba ukili umetosha, kilichobaki ni kushona, na kushona kuna wenyewe. Alilitazama lile kunja nyuma ya mlango. Kisha akasema, "Hadia namjua. Mwambie asifanye pupa." Akanipa lile kunja kwa mkono wake mmoja, na lilikuwa zito kwake, na sikumsaidia upesi kama nilivyopaswa kwa sababu niliogopa angebadili mawazo.

Malipo nilimtumia Bi Hadia kwa simu kabla hajanikumbusha. Salma alinisifu kwa kugharamia mshono. Sikumwambia kwamba nilikuwa nanunua jioni zangu.

Jioni ya kwanza nililala baada ya alasiri kama mtu asiye na ndugu. Ya pili nilitazama simu mpaka ikazima. Nakiri zilikuwa jioni nzuri. Ya tatu nilitoka nje kuanua nguo nikamkuta mama barazani amekaa pale pale anapokaa, mkono wa kulia kauweka juu ya goti, na kidole gumba cha mguu kimebana sakafu. Chini ya kidole hapakuwa na kitu. Nikaanua nguo nikaingia ndani.

"Hadia hajamaliza?" aliniuliza siku hiyo, na kesho yake, na kila siku. Nilijibu bado. Nilidhani ana hamu na mkeka.

Wiki iliyopita Bi Hadia akanitumia sauti kwenye simu. Nilikuwa kazini, mwalimu mmoja ananingojea na mitihani ya darasa zima, na mashine imetafuna karatasi. Nikaweka simu sikioni.

"Rukia mwanangu, asalaam alaykum. Ukili wa mamako Bi Mize ni mali, sikufichi, siku hizi hasuki mtu hivi. Lakini kuno mwishoni pana kama pima mbili haziendi sawa kabisa, pahala pamebanwa, pahala pamelegea, sijui n'nani kausuka. Nikiushona na huo mkeka utafanya tumbo, haulali chini. Niukate nikujazie wangu, ama niuache? Nambie upesi, nna kazi za watu."

Ninajua nani alikuwa ameusuka.

Mwalimu alinitazama. Mashine ikapiga kelele. Nikaandika neno moja nikalituma.

Kata.

Leo nilipotoka kazini nilipita Gombani kuuchukua. Siwezi kusema uongo, mkeka ni mzuri. Zambarau, nyekundu na rangi yake yenyewe ya ukindu, mistari imenyooka, pembeni umetiwa ukingo mwembamba ambao hata ukiupitishia ukucha haunasi. Bi Hadia aliutandaza, akaukunja, akaufunga kamba, yote hayo huku ananisimulia ugomvi wa majirani zake. Nilipokuwa nimeshafika mlangoni akanirudisha na kunipa kitu kilichozongwa kwenye gazeti na kufungwa kamba.

"Kile kipande chenu. Sitii motoni kazi ya mtu."

Nilikitia mkobani chini kabisa, chini ya kanga na chakula changu cha mchana nilichokuwa sijakila.

Nyumbani nikautandaza mkeka ukumbini na kumsogeza mama kwenye kigoda chake. Aliinama akaupapasa. Hakuwa na haraka. Alianzia upande wa dirishani, akaenda mstari kwa mstari, na midomo yake ilikuwa ikicheza kama anayehesabu, na nikaona uso wake unafunguka. Mara moja alisimama mahali akasema huu aliusuka mwaka ule karafuu zilipokuwa nyingi hata watu wakakosa mikeka ya kuanikia. Alikuwa na raha. Nikaanza kuamini kwamba nitalala mapema.

"Kazi ya Hadia haina maneno," akasema. "Salma atafurahi."

Akafika upande wa mwisho. Akaupapasa, akarudi nyuma, akaupapasa tena.

"Na wetu?"

"Umo, mama."

Sikujiandaa kusema uongo. Ulitoka wenyewe, kama unavyomwambia mteja mashine itatengemaa sasa hivi. Mama hakunitazama. Aliendelea kushikilia ule upande wa mwisho uliokuwa laini na sawa, wa Bi Hadia, na hakuukasirikia.

"Pano si petu," akasema. "Petu pana mabonde."

Nilikuwa na majibu. Mkeka ungefanya tumbo. Harusi ni ya watu, macho ni ya watu. Bi Hadia ni fundi na fundi kasema. Yote ni kweli na hakuna hata moja nililolitoa. Nilikwenda kwenye mkoba, nikatoa kanga, nikatoa chakula, nikatoa gazeti, nikamwekea mapajani.

Alilifungua kwa mkono mmoja, akitumia meno mahali penye fundo. Kipande kilikuwa kibaya kuliko nilivyokikumbuka. Kimepinda, kina matundu, na mahali pengine kimebanwa mpaka kimekuwa chembamba kama utepe. Mama alikigeuza akatafuta ncha zake. Upande mmoja Bi Hadia alikuwa amekata. Upande wa pili miyaa ilikuwa ingali wazi, imening'inia, na imefungwa kile kitambaa changu nilichokifunga jioni ile ya mwisho ili usifumuke. Fundi hakukigusa.

"Bado u mzima," mama akasema. "Leta uzi tufunge huku alikokata."

Nikaleta uzi. Nikafunga mimi, yeye akishika. Kisha akaniambia niukunje mkeka niuweke juu ya kabati, wa watu huo, usije ukamwagiwa chai. Nikaukunja. Niliporudi alikuwa ameshakitia kipande chini ya kidole gumba.

Nikauliza, na nakubali niliuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Wa nini tena huo, mama? Mkeka si umekwisha?"

"Wa kusuka."

Nilisimama pale. Nilikuwa sijavua hata baibui. Wali ulikuwa haujawekwa, ndoo ya nguo ilikuwa inaningoja, na mgongo wangu ulikwishajibu kabla yangu kwamba haiwezekani. Nilitaka kumwambia kwamba nimelipa ili jambo hili liishe. Nadhani aliliona neno hilo likija, maana alisema lake kwanza, bila kuinua uso.

"Siku zote hizi nakaa pale nje sina mkono. Weye umo ndani, nakusikia."

Ndicho alichokuwa akikiuliza kila siku, Hadia hajamaliza? Mkeka hakuwa na haja nao. Alikuwa anauliza nitarudi lini. Na mimi nilikuwa hatua chache nyuma ya ukuta, natazama simu, namjibu bado.

Nililia kidogo. Si kilio cha maana, ni kile cha mtu mwenye njaa. Mama alingoja.

"Haya kaa," akasema. "Utalia umekaa."

Nikakaa kushotoni. Miyaa ilikuwa imekauka, ikabidi niirushie maji. Yeye akapitisha, mimi nikabana. Nilikuwa nimesahau hata kile kidogo nilichokijua, na pima mbili zile nilizozionea haya zilikuwa bora kuliko tulichosuka leo. Hakufumua. Adhana ikatukuta hapo, na tulikuwa tumepata kama urefu wa kidole.

Sijapona uchovu, asije mtu akanisoma akadhani hivyo. Kesho nitaamka kabla ya adhana, nitamkosha, nitapika uji, na jioni mgongo utauma pale pale. Fedha niliyomlipa Bi Hadia siijutii, mkeka wa harusi umepatikana na Salma atapata cha kuonyesha watu. Neno nililoandika dukani ndilo ninalolijutia. Mama sijamwambia ni nani aliyesema kata, na hajauliza. Akiuliza nitasema.

Wali unaanza kunuka, ukoko huo. Anakohoa tena.

Kesho nikitoka kazini nipite sokoni kununua ukindu. Mwekundu, kasema, na usiwe mkavu, kwa sababu mkono wake wa kushoto, yaani mimi, bado hodari wa kukata miyaa.