Tanzia ya Miwani Yangu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha miwani yangu, ile ya vioo vinene kama vitako vya chupa, iliyofariki mezani kwa daktari wa macho. Haikuacha mtoto. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ukiziacha mbavu.

Daktari amenipachika lenzi ndani ya macho yenyewe, nyuma ya mboni, hazionekani wala hazivuliwi. Akanionya nisifikiche macho wala nisipigwe ngumi. Nikamwuliza: fundi cherehani kama mimi apigwe ngumi na nani?

Siku niliyofunguliwa macho nilimwona Dada toka dirishani, akivuka barabara. Shingoni alikuwa na alama za vidole. Alipopanda juu akasema ameanguka bafuni. Nikamwuliza hilo bafu lina mikono mingapi. Akalia.

Nikaenda buchani kwa Shemeji. Unaujua utaratibu wangu, Mama: naingia, natukana, navua miwani, namkabidhi aliye karibu, na hapo mtaa mzima unanirukia na kunishika huku napiga kelele waniachie. Hivyo ndivyo nilivyomtetea Dada miaka yote. Safari hii nikapeleka mkono usoni, nikashika pua tupu. Wateja wakaendelea kupanga foleni. Hakuna aliyejua kwamba ugomvi umeanza, ila Shemeji.

Alinivunja mbavu kwa goti, akanilaza juu ya gogo la kukatia nyama, akanikaba. Kwa mara ya kwanza maishani niliona kila kitu: mishipa ya jicho lake, chembe za mifupa kwenye aproni, panga likipanda juu. Kisha meno yake yakanidondokea kifuani.

Mtaa unasema ni mimi. Hata soda silipii. Lakini wewe sikufichi: Dada alikuwa amenifuata, akasimama nyuma yake na jiwe la mizani, lile la kilo tano. Shemeji alipoanguka akampiga tena, na tena, kimya, kama anayetwanga. Polisi nimewaambia ni mimi. Na wewe ukiulizwa, ni mimi. Shemeji taya limefungwa kwa waya, hivyo habishi.

Dada yuko kwangu. Anakula, analala, anakuamkia. Lenzi hazikusogea hata kidogo. Lichue goti.

Mwanao,
Fundi

Nimesahau: hizi lenzi ni za kuonea mbali. Kutoona herufi za karibu, daktari anasema, ni umri. Barua hii nimeiandika nimevaa miwani mpya ya kusomea.