Chakula cha Kumtuliza Kabula

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimenawa mara tatu. Sabuni, limau, majivu. Mikono bado inanuka sangara.

Kazi ile ile. Mabuti meupe, kofia, mlango wa mapokezi ya kiwanda. Boksi la samaki likishushwa nafunua matamvua, nainama, nanusa. Akiwa mzima nasema "Ndani", anapita kwenda kukatwa minofu. Akiwa mbovu nasema "Nje!", anatupwa kwenye toroli. Kutwa nzima. Miezi minane sasa. Tangu nianze sijala samaki wa aina yoyote, na nikipita Kirumba wanapokaanga mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki kiwandani, nazuia pumzi.

Binti yangu Kabula hakula uji tena. Vijiko viwili, basi. Ana miaka minne na mikono kama njiti za kibiriti. Kashika tumbo, anatafuna kola ya gauni. Ameniuliza sijui mara ngapi kama kesho nikienda kazini nitarudi. Uji ulikuwa mzuri. Niliunusa mwenyewe kabla ya kumpa.

Jumatano, 8 Machi

Mume wangu Masanja amerudi na lori la pamba kutoka Magu. Amemletea binti yake pakiti za juisi ya unga na biskuti za nje. Siku hizi kila duka lina takataka hizi. Miaka ile tulipanga foleni ya sabuni, tukaomba maduka yajae. Haya, yamejaa.

Kabula alikunywa vikombe viwili. Ulimi wa kijani. Akaanza kuzunguka chumba, akatetemeka, akalia kwa sababu mlango ulifungwa na upepo, akatapika. Kijani. Masanja anasema mtoto anadeka tu. Nilimchukia kwa muda wote niliokuwa nafuta sakafu.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeomba ruhusa, nimempeleka zahanati. Hana malaria. Hana minyoo. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtazama Kabula akitafuna kola.

"Mama, mtoto wako ana hofu. Tangu lini?"

Tangu nianze kiwandani. Nilitamani nidanganye.

Ameniambia niache soda, juisi za rangi, chai kali. Asubuhi asikae na njaa. Uji wa ulezi wenye karanga. Yai. Ndizi mbivu. Mtindi. Mchicha. Dagaa. Amesema hiyo si dawa, ila mtoto aliyekula vizuri hutulia upesi kuliko mwenye tumbo tupu. Akasema na kitu kingine juu ya kukaa chini kula naye. Hapo nilikuwa bado naandika "dagaa", na harufu yao ilishanifika puani. Sikumsikia vizuri.

Jumamosi, 11 Machi

Sokoni na Kabula. Kinyaa toka mlangoni hadi mlangoni. Dagaa wamejaa mchanga. Mayai yana kinyesi. Nimenusa mafungu manne ya mchicha kabla ya kupata moja. Muuza maziwa wa baiskeli, wa Misungwi, alinimiminia nionje. Nilinusa kikombe, nikasema "Nje!" nikamwaga mbele yake. Limenitoka kwa mazoea. Mtu wa watu alikasirika.

Mama Rehema, jirani yangu anayekaa na Kabula nikiwa kazini, alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Mama Kabula, pua yako ipelekwe polisi, mbwa wapumzike!"

Nilicheka pia. Kabula hakucheka.

Jumanne, 14 Machi

Nimefuata kila alichosema yule muuguzi. Kijiko nakichemsha. Sahani ya Kabula ni yake peke yake, kikombe peke yake. Mimi sili, siwezi. Nasimama, nanusa, nampa. Hataki. Ulezi ameutema. Dagaa niliwapika nimejifunga kanga puani, hakuwagusa. Yai alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mama, limeoza?"

Halijaoza. Sijui maneno haya anayatoa wapi. Labda kwa watoto wa Mama Rehema.

Nauchukia ulezi. Namchukia muuguzi na miwani yake.

Alhamisi, 16 Machi

Mama mkwe anakuja Jumamosi kumchukua Kabula. Atakaa naye Magu mpaka anenepe. Masanja ameshakubali, hakuniuliza. Kwamba nyumba hii inanuka samaki, hayo ni maneno ya mama yake, na Masanja amenifikishia bila kupunguza hata neno. Kabula alikuwa pale pale, anasikiliza.

Akienda sitamwona mpaka baada ya mavuno. Atarudi anamwita bibi yake mama, na mimi atanisalimia kama mgeni. Nimelia chooni. Choo kilikuwa kinanuka, nikatoka kabla sijamaliza.

Jumamosi, 18 Machi

Amefika. Mfuko mzima wa michembe, vile viazi vitamu vyao vya kukaushwa, na kibuyu cha mtindi chenye nzi wake. Nilipiga magoti. Shikamoo mama. Marahaba. Nikapokea kibuyu. Harufu ya moshi na ng'ombe. Nilikinusa kabla sijafika jikoni, na aliniona.

Alichemsha michembe kwa karanga, akakaa mkekani, akaweka sahani moja kati yake na Kabula. Mkono wake, mkono wa mtoto. Alilamba kidole, akakirudisha kwenye sahani. Nikageukia ukutani.

Kabula alikula. Alikula! Akaomba mtindi, akajipaka hadi puani.

Nilipaswa kufurahi. Niliona wivu mpaka meno yakaniuma.

"Umeona, Mama Kabula? Mwana alikuwa na njaa tu. Jumatatu tunapanda basi."

Nikabeba sahani kwenda kuiosha. Ningekaa, ningemjibu vibaya.

Jumapili, 19 Machi

Asubuhi nilikuwa naanika nguo kwenye mawe nyuma ya nyumba. Kabula alikuwa upande wa pili wa jiwe kubwa, hakuniona. Anapika. Vifuniko vitatu vya soda, udongo na maji. Mtoto wake wa gunzi kamlaza kwenye kitambaa.

Aliinua kifuniko cha kwanza. Akainama, akanusa. Akakunja pua, akapinda mdomo. "Nje!" Akamwaga. Cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu, vivyo hivyo. Mtoto wa gunzi hakupata kitu.

Halafu akamwinua gunzi mwenyewe. Akamnusa kichwani, akamnusa shingoni. Mdomo ukapinda tena.

"Huyu ameoza. Aende Magu."

Nguo ilinidondoka kwenye vumbi, nikaiacha.

Ule ni uso wangu. Miezi minane nimemwonyesha uso ule juu ya kila kijiko, halafu nikazunguka soko zima kutafuta chakula cha kumtoa hofu. Hofu nilikuwa nampikia mwenyewe. Hakuna boksi la samaki lililowahi kunitia kinyaa kama nilivyojitia leo.

Mchana nilipika dagaa wa karanga. Bila kanga puani. Nikakaa mkekani, sahani moja. Mama mkwe alinitazama, akasogea kunipa nafasi. Kichwa kilitaka kuinama chenyewe kunusa, nikakizuia. Nikamwokota dagaa mmoja na macho yake, nikamtia mdomoni. Nikatafuna. Uso nikauweka sawa.

Kabula aliacha kutafuna kola. Alinitazama mpaka nikameza. Akaendelea kunitazama. Nadhani alikuwa anasubiri nife. Nikamwokota wa pili.

Alikula wawili. Wa tatu alimtema.

Baadaye nilikwenda kutapika nyuma ya jiwe, mbali, asinione. Mama mkwe aliniona. Aliniletea maji ya kusukutua, akageuka akaenda zake.

Jumanne, 21 Machi

Mvua tangu alfajiri. Jana basi la Magu liliondoka bila wao. Mama mkwe amesema hawezi kusafiri kabla michembe haijaisha, eti itaharibika. Michembe inakaa hata mwaka. Masanja, kwa mara ya kwanza, hakubisha.

Jana kazini niliomba nihamishiwe kwenye barafu. Msimamizi amekataa, anasema pua yangu anaihitaji mlangoni. Basi pua itabaki huko huko kazini, pamoja na mabuti.

Kola bado anaitafuna. Leo ameniuliza mara tatu kama nitarudi. Tumekunywa uji wa ulezi, mimi na yeye na bibi yake, kikombe kimoja kinazunguka. Siupendi. Niliunywa.

Nilipokuwa naondoka nilichuchumaa mlangoni. Nikainama, nikamnusa Kabula kichwani, taratibu, kama nafanya kazi. Alikaza mwili wote, mikono kwenye kola. Anasubiri neno.

"Ndani," nikamwambia.

Aliniangalia usoni muda mrefu. Kisha akarudi mkekani kumalizia uji.