Kiuno cha Suruali ya Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Itangazwe kwa wakubwa na wadogo: suruali ya kijivu ya mume wangu imepunguzwa kiuno kwa mara ya nne! Mgeni rasmi ni mimi, fundi cherehani, mwenye kiuno ambacho hakijapunguzwa na mtu yeyote. Mwaka wa pili huu tangu wampasue na kumpunguza mfuko wa chakula. Mtaani walikuwa wakimwita Pipa. Siku hizi ni Sindano. Wifi kaniambia nimchunge, atachukuliwa. Na nani—upepo?

Daktari alimweleza vizuri: hatari ya moyo imepungua, haijaisha. Vidonge vya presha asiache. Baba yake alikufa kwa moyo, akiwa na miaka hamsini na moja tu. Mume wangu anaifikisha Agosti.

Jumamosi, 12 Aprili
Soda zimerudi. Na biskuti, kwenye droo ya ofisini. Jana ile ya kijivu ilimgomea kifungo. Alikaa kitandani uso umemshuka. Heri angenigombeza! Alipolala nikafumua mshono wa nyuma, nikaachia kidogo. Kidogo tu—wateja nawafanyia kila siku, wanaondoka wakijisifu.

Leo kavaa, kapiga mluzi. "Mama watoto, umeona? Jana nilikataa chakula, leo nimeshapungua!"
Nikasema nimeona.

Jumapili, 27 Aprili
Imebaki suruali moja sijaifumua. Kliniki hataki kwenda, eti mizani yao imechoka. "Mizani ina betri. Suruali ina betri?"
Nilicheka. Mimi nacheka kila kitu, ndiyo tabu yangu.

Alhamisi, 8 Mei
Vidonge nimevikuta kwenye ndoo ya taka, chini ya maganda ya viazi. Pakiti haijafunguliwa. Tangu Pasaka hajameza!

Anasema presha ni ya wanene. Mtu suruali inamlegea, ameze vya nini? Akaingiza ngumi nzima kiunoni kunionyesha nafasi. Nafasi niliyomwachia mimi.

Nilitakiwa kusema palepale. Nikasema chakula kinapoa. Kesho.

Jumamosi, 10 Mei
Benchi, nje ya wodi. Jana, akiwa kazini, kifua kilimbana, jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mshtuko wa moyo. Yu hai. Wanasema tusubiri.

Daktari wa zamu, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, aliuliza kwa nini kaacha dawa. Wifi akadakia: "Kapungua, daktari! Suruali zinamwanguka. Muulize mkewe, ndiye fundi." Wakanigeukia wote. Hata yeye, kwenye mto, na waya zake kifuani. Alikuwa anatabasamu. Ananingoja nimtetee.

Basi, yaliyotokea ni haya. Nilisema hajapungua. Ameongezeka tangu Machi. Suruali nimezifumua mimi, zote ila moja, asije akanuna. Na vidonge nilivikuta juzi kwenye taka, nikanyamaza. Daktari akaandika.

Mume wangu hakufoka. "Kumbe ulikuwa unaniona," alisema.

Halafu muuguzi akaja: abaki mtu mmoja, mgonjwa achague.

Kamchagua dada yake.