Karoti Tamu za Mama

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono niliyoinawa mara mbili kwa sabuni, kwa hiyo ishike karatasi hii bila wasiwasi. Hujambo? Shemeji vipi na mgongo wake? Na wapwa zangu bado wanagombania dirisha? Sisi huku wazima, mama mzima, isipokuwa mimi tumbo limenisumbua kidogo, na sababu yake utaisoma huko mbele. Ila kabla ya yote nakuomba jambo moja na usinibishie: kesho asubuhi wapeleke watoto zahanati wapewe dawa ya minyoo. Wewe na shemeji nanyi mmeze. Unaweza kusoma kwanza kama roho haitulii, lakini zahanati uende.

Barua yako niliipata na imeniuma. Umesema huwezi kukubali kinyesi cha mji mzima kimwagwe kwenye shamba la baba, tena karibu na kaburi lake, na kwamba ni afadhali shamba tumuuzie yule bwana wa vyuma chakavu anayelitaka. Umesema hata shemeji alipousikia mpango wangu alisukuma sahani pembeni. Kisha ukamalizia na karoti. Ukasema mama alipokuja kukutembelea alikuletea mfuko wa karoti za bustani yake ya uani, nene, tamu, watoto wakazitafuna mbichi mpaka zikaisha, na kwamba kama mama anaweza kuotesha vitu kama vile kwa samadi ya kuku na jasho lake, uchafu wangu ni wa nini. Nitazirudia hizo karoti.

Shamba lenyewe hujaliona muda mrefu, dada. Tangu wafyatua matofali wauchukue udongo wote wa juu, limebaki jekundu na gumu kama kigae. Mvua ikinyesha maji hayaingii, yanateleza tu na kuondoka na kidogo kilichosalia. Hata magugu yamelisusa. Mimi kila nikipita pale naona aibu, kama vile nimemwacha baba amelala uchi. Ndiyo maana nang'ang'ania, si kwa sababu napenda mavi.

Maana mnadhani nayapenda. Nikuambie ukweli, hicho kinyaa chenu mimi nilikiona kabla yenu. Siku yangu ya kwanza kwenye mabwawa ya majitaka ninakofanya kazi nilitapika ndani ya buti langu mwenyewe. Tope lile ni jeusi, zito, linatikisika kama ini, na ndani yake kuna kila kitu ambacho watu wazima wenye heshima zao hutupa chooni wakiamini kimetoweka duniani: nywele, plasta za vidonda, mipira ya starehe. Niliwahi kukuta meno ya bandia, safu nzima, yananichekea. Harufu yake hukaa kooni, unaimeza pamoja na chai. Mpaka leo nikilala nageukia ukutani nisijinuse.

Lakini tope hilo haliendi shambani, na hapo ndipo mnapoziba masikio. Kwanza linakaushwa, kisha tunalichanganya na vumbi la mbao na matawi yaliyokatwakatwa, tunalifanya marundo. Rundo linashika moto lenyewe kwa ndani, ukichomeka mkono hauvumilii. Msimamizi wetu, mama mmoja mfupi mkali tunayemwita Mama Joto, kila asubuhi hulidunga kipimajoto kirefu kama mkuki, kwa sababu mayai ya minyoo hayaogopi jua wala dawa ya choo, ila joto linayaua. Na sisi tunaligeuza, la nje liingie ndani, la ndani litoke nje, lisibaki donge ambalo halikupata moto. Likishapoa linawekwa chini ya paa miezi mingi liive, kisha sampuli inakwenda maabara kuangaliwa kama kuna mayai yaliyo hai, au madini ya risasi na sumu nyingine za viwandani. Rundo moja liliwahi kufeli kwa sababu kuna fundi wa betri alikuwa akimwaga maji yake kwenye mfereji. Mama Joto aliagiza lizolewe lote likafukiwe dampo, na hakumsikiliza mtu. Na hata lililofaulu haliwekwi kando ya kijito, wala halipandiwi vitu vya kutafuna vibichi. Kwetu kwa baba ningeanza na nyasi na miti basi.

Rundo lililoiva halinuki, dada. Ukilishika unadhani ni udongo wa msituni. Nililibeba kidogo kwenye kikopo nikamletea mama aone. Hakukigusa. Aliniambia nikitoe nje, nami nitoke nacho.

Usidhani nazidisha. Nina sahani yangu na kikombe changu vinavyokaa kando dirishani. Naoga nyuma ya banda la kuku kabla sijaruhusiwa kuvuka kizingiti. Nguo zangu zinaanikwa kwenye uzio wa mbali, na nikimpa mama mkate kwa mkono wangu anasema ameshiba. Majirani wakiniona wanaziba pua hata siku za mapumziko, nimejipaka mafuta ya uturi. Watoto wa mtaa wananiita Bwana Choo. Nimezoea, lakini kuzoea si kwamba hainiumi.

Sasa sikiliza. Miezi ya karibuni tulianza kuona rundo lililo jirani na uzio linaliwa ubavuni. Lilikuwa bichi, ndiyo kwanza limechanganywa, halijashika hata uvuguvugu. Tulidhani ni mbwa. Lakini mbwa hachoti kwa duara. Ikaonekana kuna mtu anayeingia saa ya chakula cha mchana, wakati ule ambao uwanja mzima hauna mtu, kwa sababu sisi wote tunakwenda kula mbali ambako harufu haifiki. Mama Joto alifoka kwamba huyo mwizi ataua watu. Mimi nikasema kwa sauti kubwa kwamba ni mmoja wa hao majirani wanafiki, wanaoziba pua wakiniona mchana na kuniibia mchana huohuo.

Juzi mwizi alishtuliwa na lori, akakimbia akaacha chombo chake. Mama Joto alikiinua akakionyesha kila mtu, akauliza nani anakijua. Lilikuwa beseni la bati lenye maua ya bluu, na kitako chake kimezibwa tundu kwa plastiki iliyoyeyushwa. Dada, tundu lile aliliziba baba. Ni beseni tunalooshea vyombo.

Nilisubiri Mama Joto aliweke chini, nikalichukua. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikamkuta mama ameinama kwenye tuta la karoti, mikono mitupu, kucha nyeusi. Nilipomwonyesha beseni alilia. Alisema alikuwa ananisikia nikisifia kazi yangu, akaona aibu kuniomba baada ya yote aliyonitamkia. Nikamuuliza kwa nini basi hakuchukua lile lililo chini ya paa, lililoiva. Akanishangaa. Akasema lile halina hata harufu, ni udongo tu, limeshaisha nguvu. Amechagua linalonuka zaidi kwa sababu ndilo lenye mbolea.

Nami, niliyezoea kusimama kwenye tope la mji mzima hadi magotini, nilitapikia pale pale kwenye tuta. Kwa maana karoti zile nimezila kuliko ninyi nyote. Nilikuwa nazing'oa, nazifuta kwenye shati, natafuna, namsifu mama kwamba nyumbani angalau kuna kitu kisafi.

Tuta nimelifukua lote nikalirudisha uwanjani kwenye rundo la moto, na beseni nimelitoboa. Mama na mimi tumemeza dawa. Mama Joto nilimweleza mwenyewe, akaagiza uzio uzibwe.

Mama ameniomba sana nisikuambie. Nilimkubalia, na hapo hapo nikaingia ndani kutafuta kalamu. Nisamehe kwa hilo, na yeye anisamehe, lakini watoto ni wako. Jana aliniuliza, bila kunitazama, kama lile lisilonuka linaweza kupelekwa kwa baba. Kwa hiyo limebaki neno lako tu. Umesema hutaki kitu hiki kiguse ardhi ya baba. Dada yangu, kimeshapita midomoni mwenu, tena kibichi, na mkakisifu. Mimi naomba tu kiende shambani kikiwa kimeiva.

Mama anakusalimu, na kuku wake wanakusalimu, wao hawakuhusika. Msalimie shemeji, lakini barua hii asiisome kabla ya kula. Wabusu wapwa zangu, baada ya dawa.

Mdogo wako akupendaye,
Bwana Choo