Vidole Viwili vya Kuongeza

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo, na wote hapo hawajambo? Goti lako limepoa? Sisi tupo. Mama anafungua bucha badala ya Baba, mimi nashinda hospitali. Shule nimemaliza, kwa hiyo sina pa kuwahi.

Baba alipasuliwa Alhamisi. Mama alinituma nimuulize daktari swali moja tu: atapona? "Wewe ndiye msomi wetu," alisema. Nilifika mlangoni kwa daktari, nikasimama. Unanijua. Alipoinua kichwa, nikajikuta nauliza neno moja gumu aliloandika kwenye karatasi ya Baba limetoka wapi.

Alifurahi, Shangazi. Alinivutia kiti. Alisema ni neno la Wayunani wa kale, maana yake bawabu, kwa sababu mwisho wa tumbo kuna msuli unaofungua na kufunga ili chakula kipite. Uvimbe wa Baba upo hapo hapo. Baada yake inakuja duodeni, mwanzo wa utumbo, jina lililotokana na kumi na mbili, kwa kuwa waganga wa zamani waliipima kwa upana wa vidole. Mbele zaidi kuna kipande cha utumbo walichokiita chenye kufunga saumu, maana kila walipopasua maiti walikikuta kitupu. Niliandika yote. Nusu saa nzima. Kisha nikasema asante, nikatoka.

Baba akauliza, "Umemwona? Kasemaje?"

Nikamwambia kwamba daktari alikuwa na haraka. Halafu nikamsomea nilichoandika, sikuwa na kingine.

Kwenye vidole alicheka kidogo, akashika mshono. "Hao wazee walikuwa wachinjaji, wasitudanganye! Mimi napima hivyo miaka yote." Akapanga vidole vyake kumi juu ya blanketi, akasubiri. Nilipokuwa mdogo pale buchani, viwili vya kuongeza vilikuwa vyangu. Nikaviweka. Vyake vimekonda, vyote kumi na viwili havikufika mbali.

Hajala siku ya tisa leo, anaishi kwa dripu. Akasema, "Bawabu akigoma, mwanangu, mzigo unarudi ulikotoka. Nimeyaona kwa ng'ombe." Sikumuuliza ng'ombe wa namna hiyo huchukua muda gani.

Sijalia. Nafua mashuka, naanika, narudi hospitali. Mama anadhani nina moyo mgumu.

Naye bado anangoja jibu. Nimemwambia kwamba daktari kasafiri hadi Jumatatu. Ni uongo. Shangazi, wewe humwogopi mtu; Baba husema ulimfokea hata mwalimu mkuu wenu. Njoo kabla ya Jumatatu uulize wewe. Mimi nitasimama nyuma yako, nisikie.

Nisalimie wote hapo kwako, Baba Fundi na Kibonge. Mwambie Kibonge kofia yake ninayo. Mungu akufikishe salama.

Mlango wa daktari ni wa tatu kushoto. Huwa haufungwi.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye,
Kimya